Mwalimu Nyerere na Utawala wa Watu

 Mazungumzo yetu ya leo yahusu mtu mmoja na jambo moja. Mtu huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu. Jambo lenyewe ni utawala wa watu, ambao wengi huuita demokrasia, yaani utawala ambao raia humchagua kiongozi wao, humwuliza hesabu ya kazi yake, na humwondoa asipowafaa.

Habari za Mwalimu na Uhuru mmekwisha kuzisikia mara nyingi. Sisi leo twataka kuuliza swali jingine. Je, alituachia njia gani ya kumpa mtu madaraka? Na alituachia njia gani ya kuyapokea tena kutoka mkononi mwake, bila vita wala damu? Maana kumpa mtu madaraka ni kazi nyepesi. Kuyapokea tena kwa amani ndiyo kazi ngumu, na ndipo mataifa mengi yalipojikwaa.

Swali hili si geni kwa sisi watu wa milima ya Usambara. Basi kabla hatujamfikia Mwalimu, yafaa tuanze hapa nyumbani, kama mwanafunzi anavyoanza na yale ayajuayo ndipo akaenda kwa asiyoyajua.

Kila mtoto wa Lushoto amesikia habari za Mbegha, aliyeanzisha utawala wa Wakilindi katika karne ya 18. Masimulizi yake yamo katika kitabu cha Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemed. Yasemwa ya kuwa Mbegha alikuwa mwindaji aliyetoka nchi ya Nguu. Aliwaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Tena alikuwa hodari wa kukata mashauri, hata wenye ugomvi wakamwendea wakapatana. Ndipo watu wa Vugha walipomtaka akae kwao awe mkubwa wao.

Angalieni sana jambo hili. Masimulizi hayasemi kwamba Mbegha aliiteka Vugha kwa jeshi. Yasema kwamba alipewa. Wazee wetu walijua tangu zamani ya kuwa mamlaka ya mtawala yana asili yake kwa watu, na kwamba watu humpa kwa sababu: awalishe, awalinde, awaamue kwa haki. Wana maneno mawili ya Kishambaa ya kumpimia mtawala. La kwanza ni kuzifya shi, maana yake kuiponya nchi. La pili ni kubana shi, maana yake kuiharibu nchi. Mtawala mwema huiponya nchi, mvua ikanyesha na chakula kikapatikana. Na wakubwa wawili wakishindana nguvu kwa nguvu, nchi huharibika.

Mizani hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilipungukiwa na kitu kimoja. Kimweri ye Nyumbai alitawala muda mrefu kutoka Vugha, na amri yake ilifika mpaka karibu na pwani. Alipokufa mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu alikaa mahali pake. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, aliyekuwa Mazinde kule bondeni katika njia ya misafara, alikuwa na bunduki, na yeye naye aliutaka ukubwa. Wakapigana. Wabondei wakawaasi Wakilindi. Mashamba yakaachwa, na watu wengi wakakamatwa wakauzwa utumwani.

Je, raia wa siku zile hawakujua lililo jema na lililo baya? Walijua sana. Waliona wazi kwamba nchi ilikuwa ikiharibiwa. Lakini hawakuwa na njia ya kuwaambia wale wakubwa, Sasa basi, rudisheni mlichopewa. Walikuwa na njia ya kutoa madaraka, hawakuwa na njia ya kuyapokea. Kwa hiyo bunduki ndiyo iliyoamua.

Baadaye wakaja Wajerumani, waliouita mji wa Lushoto kwa jina la Wilhelmstal, na baada yao wakaja Waingereza. Waingereza waliwarudisha machifu katika viti vyao, lakini wakakibadilisha kiti chenyewe bila kukigusa. Zamani zumbe aliwategemea watu wake, na watu wasipomridhia alikuwa na hofu. Sasa alimtegemea Bwana Shauri aliyekaa Lushoto, na huyo ndiye aliyeweza kumweka na kumwondoa. Raia akabaki na kazi mbili tu, kutii na kulipa kodi.

Jambo hilo lilidhihirika katika habari ya matuta. Baada ya vita kuu ya pili, Serikali iliona ya kuwa udongo wa milima yetu unachukuliwa na maji ya mvua. Hilo lilikuwa kweli, wala hakuna mkulima aliyelikataa. Wakaamuru kila mtu alime matuta ya kuzuia maji katika shamba lake, na asiyefanya ashitakiwe mbele ya baraza la chifu. Kazi ilikuwa nzito, mashamba ni madogo, na watu hawakuulizwa shauri lao. Waume kwa wake wakanung'unika, wengine wakakataa wazi. Mwisho mpango ule uliachwa kabla ya Uhuru kufika. Tunajifunza nini hapa? Tunajifunza ya kuwa hata neno jema, likiamriwa bila shauri la wenye shamba, huonekana kuwa mzigo wa mgeni.

Katika manung'uniko kama hayo, hapa na mahali pengine katika Tanganyika, ndipo chama cha TANU kilipopata wafuasi. Na sasa twamfikia Mwalimu.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, akaenda Makerere, akafundisha Tabora, kisha akaenda chuo kikuu cha Edinburgh, akarudi mwaka 1952. Alikuwa akifundisha Pugu wakati chama cha TANU kilipoanzishwa, tarehe 7 Julai 1954, naye akawa Rais wake. Mwaka uliofuata ilimbidi achague kati ya kazi ya shule na kazi ya chama, akaiacha shule. Lakini jina la Mwalimu halikumwacha mpaka kufa kwake.

Jambo la kwanza alilolitia katika utawala wa nchi hii ni desturi ya kushindana kwa kura na si kwa silaha. Serikali ya Waingereza iliweka uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa miaka ya 1958 na 1959 wenye masharti mabaya. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato fulani, au elimu fulani, au kazi fulani. Tena alilazimishwa kuwachagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, na Mwasia mmoja, hali Waafrika walikuwa wengi mno kupita wengine wote. Wengi katika TANU walisema, Tuukatae. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu aliwashauri waingie katika uchaguzi ule ule mbaya, wawaunge mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nao, wapate kuushinda kwa sheria zake wenyewe. Walikubali, na wakashinda. Shauri lile limeitwa Uamuzi wa Busara. Kwa hiyo nchi hii ilifika Uhuru tarehe 9 Desemba 1961 bila vita, na vijana wake walikuwa wamejifunza kwamba kipande cha karatasi chaweza kufanya kazi ya mkuki.

Jambo la pili ni kwamba alivua cheo chake mwenyewe mara tu alipokipata. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, aliacha Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda vijijini kukijenga chama na kuzungumza na watu. Mwezi wa Novemba mwaka ule akasimama katika uchaguzi wa Rais. Aliyeshindana naye ni Zuberi Mtemvu. Mwalimu alipata kura zaidi ya 1,100,000, na Mtemvu kura 21,000 na kitu. Tofauti ilikuwa kubwa, lakini mshindani alikuwapo, na hesabu ilisomwa.

Jambo la tatu ni kuondolewa kwa uchifu katika serikali, mwaka 1963. Kiti cha Wakilindi kilichotoka kwa Mbegha kilikoma kuwa kiti cha serikali, na kadhalika vya makabila mengine. Aliyeiongoza serikali iliyoamua hivyo alikuwa yeye mwenyewe mtoto wa chifu. Tangu siku ile ukubwa wa nchi haukuwa tena urithi wa nyumba fulani. Mtoto wa mkulima wa Mlalo, na mtoto wa mchungaji wa mbuzi wa Mtae, wote wawili walisimama penye mstari mmoja.

Wasikilizaji, mpaka hapa huenda mkafikiri twasimulia sifa tu. Lakini mwalimu wa kweli hasahihishi daftari kwa kuweka alama za sawa peke yake. Lazima tuyaseme na yale mengine.

Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 katika viti 71, na mahali pengi hapakuwa na mshindani, hata raia hawakupiga kura kabisa. Mwalimu aliliona tatizo hilo: mbunge asiyeshindaniwa hana haja ya kuwasikiliza waliomtuma. Dawa aliyoichagua ilikuwa ya ajabu. Mwaka 1965 sheria iliamuru kuwe na chama kimoja tu katika Tanganyika, lakini ndani ya chama hicho watu wawili washindane katika kila jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Walikatazwa kuomba kura kwa kabila, kwa dini, au kwa rangi. Watu waliitumia nafasi ile. Waziri wa Fedha mwenyewe, Paul Bomani, aliangushwa na wapiga kura, na wabunge wengi wa zamani vilevile. Hayo yalikuwa mapya katika Afrika ya siku zile.

Hata hivyo mlango ule ulikuwa nusu wazi. Raia aliweza kumbadilisha mbunge, hakuweza kukibadilisha chama. Kwa Urais lilikuwapo jina moja tu, na mpiga kura alijibu Ndiyo au Hapana. Tena tangu mwaka 1962 ilikuwapo sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka mahakamani, nayo ilitumika. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya wakulima vikavunjwa pia. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 watu wa sehemu nyingi za nchi walihamishwa kuingia vijiji vipya, na wengi walihamishwa kwa nguvu. Kumbukeni habari ya matuta. Shabaha ya vijiji ilikuwa njema, watoto wapate shule, wagonjwa wapate zahanati, na maji yawe karibu. Lakini lililoamriwa bila shauri la wenye mashamba lilizaa manung'uniko, ingawa sasa mwenye kuamuru alikuwa ni ndugu yetu wenyewe.

Mwalimu alikuja kulisema hilo mwenyewe. Mwaka 1984, alipoulizwa juu ya makosa ya utawala wake, alitaja kuvunjwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika. Halmashauri na ushirika vilikwisha kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Nasi twaona kuwa makosa aliyoyataja yafanana: yote mawili yaliondoa madaraka karibu na mkulima, yakayapeleka mbali naye.

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Mwaka 1984 Katiba ilirekebishwa kwa mambo mawili makubwa. Kwanza, haki za raia ziliandikwa ndani yake, ili mtu aliyeonewa, hata akiwa ameonewa na serikali, aweze kwenda mahakamani. Kazi ile ya kukata mashauri iliyompa Mbegha heshima yake, leo ni kazi ya mahakimu, na hapa Lushoto kimo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, wanakofundishwa watumishi wa kazi hiyo. Pili, iliandikwa kwamba Rais hatatawala zaidi ya vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Na tarehe 5 Novemba 1985 Mwalimu, aliyekuwa Rais karibu miaka 23, alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi kazi ile, akarudi Butiama kulima.

Hakuna jeshi lililomtoa, wala hakungoja ugonjwa umtoe. Tangu hapo Mwinyi alitoka mwaka 1995, Benjamin Mkapa akatoka mwaka 2005, Jakaya Kikwete akatoka mwaka 2015, kila mmoja kwa muda wake uliopangwa. John Magufuli alipofariki mwezi wa Machi 2021, Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kama Katiba ilivyosema, wala hakutokea Semboja wa kuteremka na bunduki.

Lakini bado lilikuwapo lile la chama kimoja. Mwaka 1990 Mwalimu alianza kusema hadharani kuwa chama kimoja si amri ya Mungu, nalo lafaa kujadiliwa. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iwaulize wananchi. Karibu watu 80 katika kila 100 waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, maana wale 20 nao ni raia, na haki yao haifutwi kwa uchache wao. Shauri hilo likakubaliwa, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mwalimu, aliyeufunga mlango ule mwaka 1965, alikuwa miongoni mwa waliotaka ufunguliwe. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Je, basi kazi imekwisha? La, haikukwisha. Mwezi wa Januari 2001 watu waliuawa Pemba na Unguja katika maandamano yaliyofuata uchaguzi. Na uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatwa tena na vifo na majonzi katika miji mbalimbali ya nchi hii. Hatuyataji hayo kwa kuchochea ugomvi. Twayataja kwa sababu nyumba isiyokaguliwa huanza kuvuja siku ya mvua kubwa. Viongozi wanapokezana viti kwa tarehe zilizoandikwa, na hilo ni jambo jema. Lakini raia asipoamini kwamba kura yake imehesabiwa, au mshindani asipopata nafasi ya kusimama, njia ya kuyapokea madaraka yaziba, na ikiziba twarudi penye nguvu kwa nguvu. Mwisho wa njia hiyo wazee wetu wa Vugha waliuona.

Tena kuna hatari ya pili, nayo ni ya sisi wenyewe. Kuna watu husema, Laiti angekuwapo Mwalimu mwingine wa kutuponyesha nchi. Twaielewa hamu hiyo, lakini twaona haifai. Mtu mwema hufa. Funzo bora la Mwalimu si kwamba nchi yahitaji mtu mkubwa. Funzo lake bora ni kwamba aliondoka, na nchi ikabaki. Aliye na kiongozi mwema peke yake ana bahati, na aliye na sheria njema pamoja na ujasiri wa kuzitumia ana urithi.

Na urithi huo hauko Dodoma tu. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 yasema kwamba katika kijiji mamlaka ya juu ni Mkutano Mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wakaao pale. Mkutano huo huwachagua wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji, na sheria imeupa uwezo wa kuwaondoa, mmoja mmoja au wote pamoja. Fikirini neno hili. Mkulima wa Bumbuli, mwanamke anayeuza kabichi Soni, kijana aliyemaliza shule juzi kule Gare, hao wana mkononi kile ambacho raia wa siku za Semboja hawakuwa nacho.

Lakini sheria isiyotumiwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani, likaliwa na kutu huku shamba likimea magugu. Kwa hiyo twawapa kazi ya nyumbani, kama ilivyo desturi yetu sisi walimu. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, nendeni. Usipoitishwa, ulizeni kwa nini. Hesabu ya mapato na matumizi ikisomwa, sikilizeni kwa makini, na jambo msilolielewa liulizeni kwa adabu, wala msikae kitako mpaka mjibiwe. Nanyi wanafunzi, mkimchagua kiranja wa darasa, mpeni muda wake, na muda ukiisha mpokeeni kazi kwa shukrani, mkampe mwingine. Mtoto aliyezoea kukabidhi funguo za darasa hatashindwa kukabidhi za Ikulu.